Timu ikihama ligi, adhabu zake zinaenda wapi?

Msomaji wetu wa Morogoro ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Kijiweni kwetu tunabishana wiki ya pili sasa. Kuna jamaa anasema Celtic na Rangers wa Scotland wakiamua tu wanahamia EPL, ligi kuu ya England, mbona Swansea na Cardiff ni za Wales na zinacheza England. Mwingine anasema wakihama hata adhabu zao zinafutika, fujo za mashabiki, kadi nyekundu za wachezaji, vyote vinabaki Scotland wao wanaanza moja. Na mchezaji mmoja mmoja je, akila nyekundu halafu akauzwa nje, inamfuata au anatoka bure?"

Marahaba mdogo wangu. Hao wawili wote wamekosea, ila huyo wa pili kakosea pakubwa zaidi, na kosa lake ndio lenye mafundisho kwahiyo naanza nalo.

Watu wengi wanachanganya ligi na chama. Ligi ni mashindano, unaingia unacheza unapata pointi basi. Chama ndio kinakusajili, kinakupa leseni, kinakupeleka kimataifa na kinakuadhibu. Ukitaka kujua adhabu ya timu iko wapi usiangalie inacheza ligi gani, angalia mwanachama wa nani na imeingia kwenye mashindano kwa tiketi ya nani. Ukishika hilo tu nusu ya ubishi wenu umekwisha.

Mfano mzuri kuliko wote ni wa miaka ya themanini. Tarehe 29 Mei 1985, uwanja wa Heysel pale Brussels, fainali ya Kombe la Ulaya, Liverpool na Juventus. Kabla mechi haijaanza mashabiki wa Liverpool wakawavamia wa upande wa pili, watu wakakimbilia ukutani, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39 na wengi wao Waitaliano. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikafungia timu za England zote kucheza Ulaya. Zote, hata ambazo mashabiki wake hawakutoka nyumbani siku ile. Kifungo kikaenda mpaka 1990, Liverpool wao wakaongezewa mwaka mmoja juu.

Sasa hapo ndio pana utamu. Wrexham, ambao leo kila mtu anawajua kwa ajili ya wale waigizaji walioinunua, walikuwa wanacheza ligi ya England kama kawaida, daraja la nne, wanapanda basi wanaenda kucheza na timu za England wiki kwa wiki. Lakini msimu wa 1986/87 Wrexham wako Ulaya! Wamecheza na Real Zaragoza ya Hispania kwenye Kombe la Washindi, wakatoka sare kule 0-0 na nyumbani 2-2 wakatolewa kwa goli la ugenini, maana siku hizo mkilingana magoli ya ugenini ndio yanaamua. Mabingwa wa England siku hizo wamekaa nyumbani wanaangalia kwenye tivii, timu ya daraja la nne inacheza na Wahispania. Kwanini? Kwasababu Wrexham waliingia Ulaya kwa tiketi ya Kombe la Wales, kupitia chama cha Wales, na kifungo kilikuwa kwa timu za England. Ligi ile ile moja, adhabu tofauti.

Na upande wa pili wa shilingi ni wachezaji. Kifungo kile kilikuwa cha klabu, sio cha mchezaji, kwahiyo wachezaji wakubwa wa England wakaanza kuvuka mpaka kwenda Scotland. Graeme Souness alipopewa ukocha wa Rangers 1986 akamchukua Terry Butcher, nahodha wa kesho wa England, na kipa Chris Woods, wakafuata wengine. Zamani Waskoti ndio walikuwa wanashuka kwenda England kutafuta maisha, safari hii ikawa kinyume, na sababu moja kubwa ni kwamba Rangers wana Ulaya na timu za England hazina. Yaani Rangers hao hao mnaowabishania walinufaika sana na utovu wa nidhamu wa majirani zao.

Tuje sasa kwa huyo wa kwanza, anayesema wanahama wakiamua. Hapana. Katiba ya FIFA, shirikisho la soka la dunia, iko wazi, klabu ya chama kimoja kwenda kujiunga na chama kingine au kucheza mashindano kwenye ardhi ya chama kingine ni kwa mazingira ya kipekee tu, na inahitaji ruhusa nne: chama unachotoka, chama unachoenda, shirikisho la bara, na FIFA yenyewe. Mmoja akikataa hakuna safari. Na ruhusa nne ukizipata bado kuna wenye ligi yao, maana ligi ni ya klabu zilizomo. EPL ina timu 20 na jambo kubwa linataka kura 14. Jiulize, timu inayomaliza nafasi ya 16 kila mwaka itanyoosha mkono kukaribisha timu mbili zenye viwanja vya watu zaidi ya elfu hamsini ili yenyewe ishuke? Mwaka 2009 mwenyekiti wa Bolton, Phil Gartside, alipeleka wazo la EPL ya madaraja mawili na Celtic na Rangers ndani yake. Mwezi Novemba klabu zikakaa zikasema haifai. Tena Bolton wenyewe walikuwa wanatafuta namna ya kujiokoa wasishuke daraja kabisa, haikuwa huruma kwa Waskoti, naomba hilo lieleweke.

Fujo nazo zilichangia watu kusita, ingawa mimi naona hela ilikuwa na uzito zaidi. Mwaka mmoja tu kabla, Mei 2008, Rangers walicheza fainali ya UEFA Cup na Zenit pale Manchester wakafungwa 2-0. Mashabiki waliofika mjini walikuwa wengi mno kuliko tiketi, skrini kubwa iliyowekwa katikati ya mji ikagoma kuwaka, na jioni ikaisha kwa watu kupigana na polisi barabarani. Mtu wa Manchester aliyeona vile ukimwambia hawa jamaa watakuwa wanakuja kila msimu atakuangalia mara mbili.

Hoja ya Swansea na Cardiff sasa. Hawa hawakuhama! Hili ndio watu hawalijui. Cardiff na Swansea waliingia ligi ya England 1920, Wrexham 1921, na wakati huo Wales haikuwa na ligi ya taifa zima. Ligi ya Wales imeanzishwa 1992 tu. Cardiff walikuwa wameshabeba FA Cup tangu 1927, waliwafunga Arsenal 1-0, miaka 65 kabla ligi ya kwao haijazaliwa. Ilipoanzishwa ikawa kinyume na mnavyofikiria, chama cha Wales kilitaka timu zake zirudi nyumbani. Wale wakubwa waliachwa, wadogo wakabanwa, na kuna waliogoma kama Newport, Colwyn Bay na Caernarfon wakaenda kucheza mechi zao za nyumbani upande wa England kama wakimbizi mpaka mahakama ilipowapa haki yao 1995. Kwahiyo ukisema mbona Swansea wapo, jibu ni kwamba walikuwepo kabla ya mlango kufungwa.

Na hata wao kukaa huko kuna mambo yake. Swansea walivyobeba League Cup 2013, wakiifunga Bradford 5-0, wakaenda Europa League kwa nafasi ya England, na hilo UEFA ilibidi ilipitishe kabla, haikuwa kitu cha kujiendea.

Waliohama kweli kwa ruhusa wapo, na mfano ninaoupenda ni Derry City. Derry ni mji wa Ireland Kaskazini, uko mpakani kabisa na Jamhuri ya Ireland. Miaka ya mwanzo ya sabini vita ya wenyewe kwa wenyewe imepamba moto, uwanja wao wa Brandywell uko katikati ya mtaa wenye shida, na mwaka 1971 mashabiki wa Ballymena walipokuja basi lao likachomwa moto. Timu nyingine zikakataa kwenda. Derry wakawa wanachezea mechi zao za nyumbani Coleraine, karibu kilometa 50, na mashabiki wa nyumbani wa mechi ya kilometa 50 unajua wanavyokuwa wachache. Walipoomba kurudi Brandywell klabu wenzao zikapiga kura, wakakosa kwa kura moja. Moja! Oktoba 1972 wakajitoa, wakakaa miaka 13 bila soka la ngazi ya juu.

Mwaka 1985 ndio wakaingia ligi ya Jamhuri ya Ireland, na angalia njia waliyopita: chama cha Kaskazini kikakubali, cha Kusini kikakubali, na wakubwa wa juu wakabariki. Ruhusa zote. Wakaanzia daraja la kwanza, sio ligi kuu, halafu msimu wa 1988/89 wakabeba makombe yote matatu ya kule na Benfica wakaja Derry kwenye Kombe la Ulaya. Mpaka leo wako huko. Lakini usije ukawaambia kijiweni kwamba Derry ni ushahidi wa timu kuhama kwa kutaka pesa zaidi. Ile ilikuwa timu isiyokuwa na pa kucheza. FIFA ikisema mazingira ya kipekee inamaanisha vitu kama hivyo, haimaanishi haki za tivii.

Ukitaka mfano wa kuhama bila ruhusa angalia Crimea. Urusi ilivyochukua lile eneo 2014, chama cha Urusi kikaziingiza timu tatu za kule kwenye daraja lake la tatu. Ukraine ikalalamika, UEFA ikasema kuanzia Januari 2015 marufuku timu za Crimea kucheza ligi ya Urusi, zikatolewa katikati ya msimu na zikaundiwa ligi yao peke yao. Kama Urusi yenyewe imeshindwa kulazimisha, Celtic atalazimishia nini?

Na hapa kwetu tusijifanye hatuijui hii habari. Zanzibar ina ligi yake na timu zake zinacheza mashindano ya CAF, shirikisho la Afrika, kwa tiketi yake, lakini FIFA inaijua TFF tu, chama cha Tanzania. Machi 2017 CAF ikaipa Zanzibar uanachama kamili watu wakashangilia mpaka usiku, miezi minne baadae CAF hiyo hiyo ikaufuta. Kwahiyo nani mwanachama wa nani sio maneno ya makaratasi, ni kitu kinaamua utaenda wapi.

Haya, mchezaji mmoja mmoja. Swali lako hili ndio naulizwa sana wakati wa dirisha la usajili, na jibu fupi ni kwamba inamfuata. Kanuni za FIFA za usajili, kifungu cha 12, zinasema mchezaji akiwa na adhabu ya mechi zisizozidi nne au muda usiozidi miezi mitatu ambayo hajaimaliza akahamia nchi nyingine, chama kipya lazima kiendelee nayo pale ilipoishia. Na inajulikana vipi? Kupitia ITC, ile hati ya uhamisho wa kimataifa. Chama cha zamani kinapotoa ITC kinatakiwa kuandika kwenye mfumo kwamba huyu kijana anatudai, samahani, tunamdai mechi mbili. Sasa kama afisa wa chama cha zamani akisahau au klabu mpya ikajifanya haijaona, hapo ndio utasikia rufaa na pointi za mezani. Na kumbuka England na Scotland ni vyama viwili tofauti, mchezaji akitoka Celtic kwenda Burnley inahitajika ITC kama vile anatoka Dar kwenda Nairobi.

Adhabu ikizidi mechi nne au miezi mitatu haivuki yenyewe. Lazima kamati ya nidhamu ya FIFA iipanue iwe ya dunia nzima. Watu wanaona hapo kuna mwanya, kwamba ukifanya kosa kubwa ndio unapona. Wapi. Muulizeni Eric Cantona wa Manchester United. Januari 1995 alitolewa kwa kadi nyekundu pale Selhurst Park, wakati anatoka akamrukia shabiki wa Crystal Palace na teke la kung-fu juu ya uzio. FA, chama cha soka cha England, ikamfungia mpaka mwisho wa Septemba, na maneno yalikuwepo kwamba Inter Milan wanamtaka, aende Italia akacheze. FIFA ikaifanya adhabu ya dunia nzima. Italia ikafa hapo hapo. Akarudi Oktoba mosi dhidi ya Liverpool, sare ya 2-2, na penalti akafunga yeye.

Mwingine Joey Barton. Siku ile Manchester City anachukua ubingwa wa England 2012 kwa goli la Agüero, wengi mnakumbuka Agüero tu, ila kipindi cha pili Barton, nahodha wa QPR, alimpiga kiwiko Tevez, refa akatoa nyekundu, jamaa badala ya kutoka akampiga Agüero kwa nyuma na akataka kumpiga Kompany kichwa. Sekunde chache tu, makosa matatu! Akapewa mechi 12. Kiangazi akaenda Marseille kwa mkopo, watu wakadhani kapona, ikaja taarifa kwamba adhabu inatumika na Ufaransa. Ila Europa League alikuwa anacheza. Hapo napenda watu wasimame kidogo: adhabu ilitoka kwenye mashindano ya ndani kwahiyo ilitumikiwa kwenye mashindano ya ndani, Ulaya ni daftari lingine. Ndio maana hata hapa mchezaji wa Simba au Yanga akila nyekundu ya Ligi ya Mabingwa unamuona wikiendi kwenye ligi kuu anacheza kama hakuna kilichotokea, na mashabiki wa upande wa pili wanaanza kulia hujuma.

Luis Suárez wa Uruguay ndio alionyesha madaftari yote kwa mara moja. Kumng'ata Chiellini, beki wa Italia, Kombe la Dunia 2014 alipewa vitu viwili: miezi minne asijihusishe na soka lolote, na mechi tisa za timu ya taifa. Akauzwa Liverpool kwenda Barcelona akiwa kifungoni, na miezi ikamfuata Hispania kwasababu aliyeitoa ni FIFA mwenyewe, akaanza kucheza mwisho wa Oktoba tena kwenye El Clásico, mechi ya Barcelona na Real Madrid. Zile mechi tisa hazikuhusika na Barcelona hata kidogo, zilikaa zinamsubiri Uruguay, ndio maana Copa América 2015 hakuwepo.

Kadi za njano ni tofauti, ni hesabu ya ndani ya mashindano husika. Ila msizidharau. Aprili 2017 Kagera Sugar wakamfunga Simba 2-1, Simba wakakata rufaa kwamba beki wa Kagera alicheza akiwa na njano tatu, yaani alitakiwa kukaa nje. Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia ligi, ikawapa Simba pointi tatu, mitaa ikawaka, baadae kamati nyingine ikazirudisha kwa Kagera, na mwisho wa msimu Simba na Yanga wote wana pointi 68, Yanga bingwa kwa tofauti ya magoli. Ubingwa wa nchi uliamuliwa na mabishano ya nani aliandika njano gani kwenye ripoti ya mechi gani. Mimi tangu siku ile nasema kila klabu iwe na mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu kadi tu, alipwe vizuri, na asiwe shemeji wa kiongozi.

Nimalizie na klabu yenyewe, maana ndipo mwenzenu aliposema wanaanza moja. Mwaka 2012 Rangers walifilisika, kampuni iliyokuwa inaimiliki klabu ikaenda kwenye ufilisi, mali zikanunuliwa na kampuni mpya. Hapo unaweza kusema basi, kampuni mpya, madhambi ya zamani yamekufa na kampuni ya zamani. Waliomba kubaki ligi kuu, klabu 10 zikasema hapana, mmoja akajizuia kupiga kura, aliyesema ndio ni Rangers mwenyewe. Klabu za madaraja ya chini zikapiga kura zao, 25 kati ya 30 zikasema waanzie chini kabisa, daraja la nne. Na bado chama cha Scotland kikakataa kuwahamishia uanachama mpaka wakubali kifungo cha kusajili cha miezi 12 kilichotokana na madudu ya uongozi uliopita. Wangetaka uanachama mpya wangekosa historia na nafasi, wakitaka ule wa zamani wanachukua na madeni yake. Ni kama kurithi shamba la marehemu, huwezi kuchukua minazi ukawaachia wengine kesi ya mpaka. Wakasaini.

Kwahiyo tuseme muujiza umetokea, ruhusa zote nne zimepatikana na kura 14 zimepatikana. Wachezaji wote wangesajiliwa upya England kwa ITC na kila mwenye mechi za kutumikia angefika nazo, adhabu za UEFA zingebaki vilevile kwasababu ni za klabu popote ilipo, na FA ya England, kama walivyofanya Waskoti 2012, ingekuwa na nafasi ya kuwawekea masharti mezani kabla hawajapiga hata kona moja.